Mutumia wa Kalamba

Jumatatu, 1 Septemba

Amerudi kabla giza halijaingia. Nimemnusa mlangoni kama kawaida. Grisi, sabuni ya unga, vitunguu. Hakuna pombe. Nimempakulia.

Ukungu wa Nunguni haukuondoka leo mpaka mchana. Nimeshona sketi za shule kutwa nzima na taa imewashwa. Vidole vimekufa ganzi. Mwanangu Mwende alishinda kwa nyanya yake kwa sababu huko kuna moto.

Baada ya kula Musyoka aliosha sahani yake. Hilo ni jambo jipya, amelitoa kwa kikundi. Kisha akachukua simu akatoka nyuma ya jikoni. Kama jana. Kama juzi. Huko nyuma anaongea, anacheka, ananyamaza, anaongea tena. Akirudi ndani ananiambia "baridi leo", halafu anageukia ukuta.

Ningepaswa kushukuru. Wakati kama huu mwaka jana, kule Thika, nilikuwa nikimtoa kwenye mtaro, viatu vyake nimevishika mkononi. Gereji walimfukuza, ndiyo tukaja huku kwao. Sasa anatengeneza pikipiki pale stendi na anatembea wima. Kanisani wananipongeza utadhani nimejifungua.

Nina wivu. Basi, nimeliandika. Nina wivu na kikundi cha watu walioacha pombe.

Jumatano, 3 Septemba

Nimemuuliza anaongea na nani. Amesema ni mtu wake wa simu. Kila mmoja kikundini ana wake. Kiu ikikushika, hata ukiwa na spana mkononi, unampigia, mnaongea mpaka ipite. Yeye hakupigii. Mwenye kiu ndiye anapiga, hiyo ni sheria. Wa kwake si wa Nunguni, wanaonana mara mojamoja mjini Wote, vikundi vikikutana. Na kuna sheria nyingine: mtu wa simu asiwe mtu mnayelala nyumba moja.

Nikauliza kwa nini. Eti nyumbani kuna mambo mengi.

Nikauliza jina. Akasema hayo hayasemwi nje.

Nje ni mimi. Mimi niliyemwosha matapishi kwenye masikio. Sikumsemesha tena jioni yote, na sidhani kama aligundua.

Jumamosi, 6 Septemba

Leo mwethya, kazi ya kusaidiana shambani, ilikuwa kwetu. Hiki kikundi chao hakikai kwenye viti kuzungumza, kinalima. Kila Jumamosi ni shamba la mmoja wao. Wanachimba matuta ya fanya juu, udongo unatupwa upande wa mlimani, jasho linatoka, na humo humo katika kuchimba ndimo wanasema yaliyo moyoni. Zamani mwenye shamba aliwapa watu wa mwethya pombe jioni. Hawa wanapewa uji. Mwaitu, mama mkwe wangu, haoni kichekesho kingine duniani zaidi ya hicho. Amecheka tangu asubuhi.

Nimepika muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, sufuria kubwa. Nilijitia kuwa na shughuli jikoni, lakini dirisha la jikoni linaangalia shamba. Nikaona yote. Musyoka aliacha kuchimba, akaegemea jembe, akasema maneno marefu macho yakiwa chini. Wengine waliendelea kuchimba polepole, hakuna aliyemkodolea. Mwanamke mmoja akamjibu neno fupi. Musyoka akapangusa macho na mkono wa shati.

Miaka mitano ya ndoa. Sijawahi kumwona akilia. Leo nimemwona, kupitia dirisha lenye masizi, na alikuwa anawalilia wengine.

Mwanamke huyo anaitwa Kalunde. Anauza mitumba sokoni. Wanasema alikuwa anakunywa kuliko wanaume, lakini ukimwona leo huwezi kuamini. Ngozi inang'aa. Meno yote yapo. Nilimuuliza Mwaitu kwao ni wapi.

"Ni wa Kalamba," akasema. "Ni msichana mzuri sana huyo."

Sikuwa nimeuliza kama ni mzuri.

Wakati wa kupakua nilimkwangulia Kalunde ya chini kabisa, ukoko mtupu, mweusi. Akala wote. Akarudisha sahani na mikono miwili. "Asante sana Mama Mwende. Hii ya chini ndio tamu." Hata kumuudhi nimeshindwa.

Jumapili, 7 Septemba

Sijaenda kanisani. Nimesema kichwa. Ni kichwa kweli, ila si cha kuuma.

Jumatatu, 8 Septemba

Leo nimesikiliza. Nilienda nyuma kuanua nguo ambazo nilishaanua mchana.

Mimi na Musyoka lugha yetu ni Kiswahili, tangu Thika. Kikamba sijafundishwa na mtu na sijaomba. Sihitaji. Kikikuyu na Kikamba ni ndugu. Mvua kwetu ni mbura, kwao ni mbua, unapunguza hapa unaongeza pale, unaelewa. Mwaitu alitaka kunifundisha mwezi ule tulipofika, nikamwambia asijisumbue, naelewa kila kitu.

Basi nimeelewa. Mengi aliyasema chini chini, hayakunifikia. Lakini mwisho aliongea taratibu, kwa heshima, kwa upole ambao mimi sijawahi kupata hata siku ya harusi. "Ni muvea, mutumia." Asante, mutumia.

Kwetu Murang'a mutumia ni mke. Mwanamume akisema mutumia wangu, anamsema yule aliyemtolea mahari. Hana mwingine anayemsema.

Nimevunja sindano mbili za cherehani. Nikasema ni kitambaa kigumu.

Jumanne, 9 Septemba

Stima ilipotea stendi, akaniletea simu niichajie hapa kwangu. Tangu aingie kikundi simu yake haina neno la siri. Wanafundishwa hivyo, asiye na cha kuficha asifunge. Nilifungua bila kutafuta hata funguo.

Iko pale. "Mutumia Kalamba." Hata hajaficha. Ameandika mke na ameandika mahali mke anatoka.

Kisha nikajitafuta mimi. "Wambui Cherehani." Aliandika hivyo zamani Thika, akiniletea ovaroli nizitie viraka, kabla hatujaoana. Hajawahi kubadilisha. Nimemzalia, nimehamia kwao, nimelala na njaa kwa ajili yake, na bado ni cherehani. Yule mwingine ana cheo.

Sikufuta. Ningefuta angejua. Nilibadilisha tarakimu moja tu, ile ya mwisho. Nne nikaifanya saba. Ile ya kweli imebaki kichwani, mimi huwa sisahau vipimo.

Nikarudi kushona. Sikukosea hata mshono mmoja mpaka jioni.

Jumatano, 10 Septemba

Alitoka nyuma ya jikoni na simu. Akarudi upesi. Akatoka tena. Akarudi. Sikuuliza kuna nini.

Nilikuwa nimepika chapati. Alikaa nami mezani kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kukaa. Akanisimulia pikipiki ya jamaa mmoja wa Kalongo ambaye amefunga kabureta kwa kamba ya mkonge. Nilicheka zaidi ya ilivyostahili. Nilikuwa na furaha mbaya, tamu. Mume wangu yuko mezani kwangu.

Alhamisi, 11 Septemba

Amejaribu tena asubuhi akiwa langoni. Nilimwona akiangalia simu baada ya kuitoa sikioni. Amejikuna shingo hadi ikawa nyekundu. Hakumaliza uji.

Nilimuuliza kuna nini. "Hakuna."

Nilishikwa na woga kidogo. Kisha nikajiambia, hivyo ndivyo mwanamume anavyokuwa akimkosa mwanamke. Aumie. Mimi niliumia na hakuna aliyeniuliza kuna nini.

Jumamosi, 13 Septemba, asubuhi

Jana sikuandika. Naandika sasa, Musyoka amelala na nyumba inanuka. Nitaandika kwa mpangilio, la sivyo nitaruka yale yasiyonipendeza.

Jana kulikuwa na baraza ya chifu. Mambo ya bwawa la maji. Mwaitu goti linamsumbua, akanituma mimi. Watu wengi, wameketi nyasini. Chifu aliongea Kikamba, mimi nikawa nafuata vizuri, naitikia hata kwa kichwa ili waone. Ikafika mahali pa kuchagua kamati. Akaita atumia watano waende mbele wakae kwenye viti.

Atumia. Wanawake walioolewa. Nilijiambia, Wambui, kama nyumbani hupewi hilo jina, lichukue hapa mbele ya watu. Nikasimama. Nikanyoosha leso. Nikaenda mbele, nikaketi kwenye kiti cha kwanza.

Wakaja wengine wanne. Wazee. Bakora, kofia, makoti. Mmoja alinitazama kama amekuta kuku kitandani. Chifu akakohoa. Mtu akacheka nyuma, kisha uwanja mzima.

Mama mmoja wa soko alikuja akanivuta gauni. "Mama Mwende, toka hapo, wameita wazee!" Nikamwambia wameita atumia. "Sasa atumia si ndio wazee? Mutumia ni mzee, mwanaume mzee. Wewe ndevu ziko wapi?"

Nilicheka na mimi. Kidogo tu. Kisha nikaikumbuka ile saba.

Nilikimbia hadi stendi. Sanduku lake la spana limefungwa. Kijana wa kuosha pikipiki akasema ameondoka na rafiki yake wa zamani, aliyetoka kuuza mbuzi Ikutha, ana pesa na ana furaha. "Alikuwa anapiga simu sana," akasema. "Halafu akaiweka mfuko, akasema twende."

Nikatoa simu yangu. Nikapiga ile namba yenye nne. Ikaita. Sauti ya mzee, kavu, yenye kikohozi.

"Ni nani?"

"Bibi ya Musyoka."

"Ako wapi?"

"Sijui. Ameenda na mtu."

"Haya. Enda nyumbani, weka maji moto, usifunge mlango."

Akakata. Hakuniuliza namba nimeitoa wapi.

Kabla giza halijakomaa niliwaona barabarani, wale wale wa mwethya, wawili wawili, na tochi. Yule mzee wa simu alikuwa amewapigia wote. Kalunde alipitia kwangu. Alichouliza ni kimoja tu, "Ako na sweta?" Nikampa sweta. Hawakunialika niende nao na sikuthubutu kuomba.

Walimpata nyuma ya pale wanapouza pombe ya kaluvu. Walimleta wakiwa wamemshika huku na huku. Alitapika kwenye sketi ya Kalunde na Kalunde hakuruka. Mwende aliamka akalia. Mimi nilishika mlango. Hicho ndicho nilichofanya, nilishika mlango.

Jumamosi hiyo hiyo, jioni

Mutumia wa Kalamba amekuja. Ametoka kwao alfajiri kwa pikipiki, njia yote hiyo ya vumbi. Mzee Kimeu. Alikuwa dereva wa lori enzi zake. Koti refu, hana meno ya mbele, anachechemea. Huyu ndiye mke mwenzangu. Nilimtengenezea chai nikamwaga sukari mezani.

Musyoka aliketi amejifunika blanketi, hawezi kuinua uso.

"Hukunipigia, mwanangu," mzee akasema.

"Nilipiga, mutumia. Kila siku nilipiga. Nilifikiria umenichoka."

Akampa simu. Mzee aliishika mbali na macho, akasoma namba yake kwa sauti, tarakimu moja moja. Alipofika mwisho akasimama. "Hii si saba. Ni nne."

Musyoka alinitazama. Si kwa muda mrefu.

"Nilikosea kuandika," akasema.

Amepiga namba hiyo tangu mvua za Aprili, na ilikuwa ikiingia. Mzee aliirekebisha kwa kidole chake kinene, akamrudishia simu, akaomba kikombe kingine cha chai.

Jumapili, 14 Septemba

Nimemwambia. Alikuwa nje anamenya viazi. Nimemwambia yote, saba na nne, mutumia wa kwetu na mutumia wa kwao, hadi kiti cha mbele kwenye baraza.

Alicheka. Alicheka akashika tumbo, kisu kikaanguka. Kisha kicheko kikaisha na akabaki ananiangalia.

Akaniambia alichomwambia mzee ile Jumatatu niliposikiliza. Alimwambia kwamba nikimnusa mlangoni yeye hutamani angekuwa amekunywa, angalau nipate ninachotafuta. Hajawahi kumwambia mtu hilo. Kesho yake namba haipatikani. Akajiambia basi, nimemchosha hata huyu.

Nikamuuliza kwa nini alinifichia mbele ya mzee.

"Wangekuonaje?" akasema.

Nililia. Na hili nitaliandika kwa sababu hakuna wa kulisoma. Nilifurahi. Sasa kuna kitu ambacho Kalunde hajui, mzee hajui, kikundi chote hakijui. Ni chetu, mimi na yeye.

Jumanne, 16 Septemba

Siku nzuri. Alikuja mchana kunitazama nikishona, akakaa kwenye gunia la vipande vya vitambaa. Jioni hakwenda nyuma ya jikoni. Alipofika mlangoni nilirudi nyuma hatua moja ili asidhani namnusa. Akaona. Akanishika bega.

Amesema Jumamosi atarudi kikundini, aanze upya mbele yao kama wanavyofanya. Nikasema sawa. Moyoni nikasema kuna haraka gani.

Alhamisi, 18 Septemba

Hajampigia mzee. Nimemuuliza kama nimeuliza tu hali ya hewa. Akasema hana la kumwambia. Akipiga itabidi aanzie pale, kwa nini alianguka, na pale amedanganya. Na mzee hatapiga. Mwenye kiu ndiye anapiga.

Amepungua shavuni. Au ni macho yangu.

Jumamosi, 20 Septemba

Hakuenda. Alisema mgongo. Nimepata Jumamosi niliyokuwa nikiiomba, mume nyumbani kutwa nzima na hakuna anayemwita.

Alitengeneza mlango wa zizi. Niliona msumari umeshaingia wote na bado anaugonga. Kisha akaenda kusimama kwenye ua. Kikundi kilikuwa kinachimba ng'ambo ya bonde na sauti zao zilifika, hata majembe. Alisimama hapo hadi chai ikapoa. Nilimsimulia habari za kanisani, za sare, za jirani aliyegombana na ng'ombe. Aliitikia kila mahali panapofaa. Hakuwa hapo.

Nilimtaka kwangu peke yangu. Ndiye huyu sasa.

Jumanne, 23 Septemba

Alichelewa. Mwaitu alisikia kutoka kwa watu na akaja kuniambia mwenyewe, na goti lake hilo, akapanda mlima mpaka kwangu. Musyoka alisimama nje ya pale kwa kaluvu leo jioni. Hakuingia. Alisimama tu, mikono mfukoni, kisha akaja nyumbani.

Mwaitu hakunicheka leo. Alisema baba yake Musyoka pia alianza kwa kusimama. Aliongea Kikamba chote, polepole, na pale ambapo sikuelewa niliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kuuliza. Alinieleza kama mtoto na sikukasirika.

Naogopa. Si wivu leo, ni woga mtupu.

Ijumaa, 26 Septemba

Nimemwambia aende kesho na awaambie yote. Nani alibadilisha namba. Kwa nini. Nimemwambia ataje jina langu.

Alikataa. Akasema watanicheka. Nikamwambia walishanicheka mbele ya chifu, sikufa. Akasema watanichukia. Nikamwambia wanichukie basi, wana majembe, waje. Nilipiga kelele. Nilimwambia kama anataka kunifichia mambo anifichie mambo mengine, hili litamuua.

Sijalitoa kwa moyo safi. Nimelitoa kama mtu anayeng'olewa jino. Kilikuwa kitu pekee nilicho nacho naye ambacho wao hawana, na nimekipeleka kwao kwa mikono yangu. Nitamwona Kalunde sokoni kila siku na atakuwa anajua.

Alikaa. Kisha akachukua simu akatoka nyuma ya jikoni. Mlango ulibaki wazi kidogo. Nilisikia mutumia. Maana yake naijua sasa. Bado iliuma.

Jumamosi, 27 Septemba

Ameenda. Na leo mwethya ilikuwa kwa nani, kama si kwa Kalunde.

Niliunguza kola ya shati la mteja. Kila saa nilijiuliza amefika wapi, amesema nini, nani ameacha kuchimba aangalie. Nilimchukia kila mmoja wao, kwa zamu. Kisha nikamwomba Mungu wawe wanamsikiliza.

Alirudi na udongo hadi magotini. Alikula sahani mbili, akalamba kijiko. Nikamuuliza walisema nini. Akasema hayo hayasemwi nje. Nikainuka na sahani. Akanivuta mkono, akacheka kidogo, akasema moja ataniambia. Eti Kalunde alisimamisha jembe, halafu akasema, "Kumbe! Ndio sababu ya ule ukoko."

Niliona aibu hadi miguuni. Nilicheka pia. Sijui ni kipi kilitangulia.

Jumapili, 28 Septemba

Tumeenda kanisani wote. Wachache walinisalimia wakitabasamu sana. Nimevumilia.

Mchana Musyoka amelala kwenye kiti, shingo imepinda, mdomo wazi, Mwende amelala juu ya kifua chake. Nje kuna mawingu mazito upande wa Kilungu lakini hayajatoa kitu.

Kalunde alikuja langoni. Ameleta jembe, Musyoka alilisahau kwake jana. Nilitoka kumpokea. Tulitazamana. Alikuwa amevaa sketi ile ile iliyotapikiwa, imefuliwa.

"Musyoka ako?"

"Amelala," nikamwambia.

Niliona raha kulisema hilo, siwezi kukataa. Hakuuliza zaidi. Aliegemeza jembe ukutani, akaangalia sketi yake, akasema pindo limefumuka nyuma, kama nitapata nafasi. Nikampa leso yangu ajifunge, nikaichukua sketi. Nikamwambia aende kwa Mwaitu, chai iko, nitamletea.

Cherehani ingewaamsha. Nimeshona pindo kwa mkono.